Mvua ya Machakos, Shamba la Garashi

Swali: Nalima mahindi, kunde na ndizi kando ya mto Sabaki, upande wa Garashi. Vuli iliyopita mto ulijaa usiku, ilhali kwetu hakukuwa kumenyesha hata tone, na maji yalipopungua nikakuta safu mbili za migomba zimekwenda pamoja na ardhi yake. Katika baraza tuliambiwa kwamba bonde la mto wetu "ni dhaifu kimazingira". Maneno hayo yana maana gani hasa? Ni nani aliyelidhoofisha? Na sisi tulio mwisho wa mto tuna la kufanya, au kazi yetu ni kungoja tu?

Jibu: Dada yangu, pole kwa migomba, na pole zaidi kwa ardhi, kwa kuwa mgomba hupandwa tena ukazaa, bali udongo wa ukingo uliochukuliwa na mto haurudi kwa mwenyewe. Umeuliza mambo matatu na nitayajibu yote, ingawa si kwa urefu ulio sawa, kwa sababu la kwanza likieleweka vyema mengine mawili huwa mepesi.

Tuanze na usiku ule. Mto uliokula shamba lako una majina matatu. Unapotoka katika nyanda za juu za jirani ya Nairobi na kupita Ukambani huitwa Athi. Ukishakutana na mto Tsavo ndani ya mbuga huitwa Galana. Ukiingia nchi ya Wagiriama na kuikaribia bahari ndipo unapoitwa Sabaki, na humwaga maji yake kati ya Malindi na Mambrui. Ni mto wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana. Ardhi yote ambayo maji yake ya mvua huishia humo, nayo ndiyo tunayoiita bonde la mto, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 70,000, na Garashi na Malindi ni ncha tu ya mwisho ya nchi hiyo kubwa. Mvua nzito ikinyesha leo Nairobi, Machakos au Makueni, maji yake husafiri kwa siku kadhaa, hupita katikati ya Tsavo palipokauka, kisha hukufikia wewe usiku wa nyota usio na wingu. Ulichokiona kilikuwa mvua ya Machakos iliyochelewa kufika. Nakuomba uyashike maneno hayo, "siku kadhaa", kwa kuwa nitayarejea.

Sasa neno "dhaifu". Wengi wakilisikia hudhani kwamba linamaanisha mto wenye mafuriko mengi au nchi yenye mvua chache. Wataalamu hulitumia kwa maana pana zaidi, na hulipima bonde kwa namna inayofanana na ile ambayo mganga humpima mgonjwa. Kwanza huuliza bonde linakabiliwa na nini: mvua za ghafla, ukame mrefu, majitaka ya miji, watu na mifugo wanaoongezeka. Pili huuliza huumia kwa wepesi gani linapopigwa, na hapo hutazamwa mteremko wa ardhi, aina ya udongo, na kama udongo huo umefunikwa au uko uchi. Tatu huuliza lina nguvu gani ya kujiponya baada ya kuumia, yaani kama majani huota tena kabla ya mvua nyingine, kama chemchemi zimebaki, na kama watu wanaoishi humo wana uwezo na haki ya kurekebisha walichoharibu. Mabonde mawili yanaweza kupata mvua ile ile siku ile ile, moja likatoa maji mekundu kwa siku mbili kisha likatulia, na la pili likapasuka makorongo ambayo hayatazibika katika umri wa aliyeyaona yakianza.

Bonde la Sabaki lina udhaifu katika mambo yote matatu, lakini kwa maoni yangu ugonjwa mkubwa uko katika lile la pili, na una saa yake maalumu. Saa hiyo ni siku za kwanza za vuli. Sehemu ya kati ya bonde, yaani Machakos, Makueni na Kitui, hupata mvua mara mbili kwa mwaka, na kati ya masika na vuli kuna kiangazi cha kuanzia Juni hadi Septemba au Oktoba. Kufikia mwisho wa kiangazi hicho mashamba yameshavunwa, mabua yameliwa na ng'ombe, majani ya malisho yametafunwa hadi mizizini, na ardhi imeachwa bila nguo. Ndipo wingu la kwanza linapofunguka. Tone kubwa la mvua huanguka kwa kasi ya mita 9 hivi kwa sekunde. Likianguka juu ya jani, nguvu yake huishia kwenye jani, na maji hutiririka taratibu hadi chini. Likianguka juu ya udongo mtupu hulipua chembe zake kama mshale unaoingia kwenye unga, na chembe nyembamba huingia katika vitundu vya udongo zikaviziba. Baada ya dakika chache uso wa ardhi huwa umefunga gamba. Maji yanayofuata hayaingii tena. Hukimbia juu yake, hukusanyika katika njia za ng'ombe na mitaro ya barabara, na kila yanapokusanyika huongeza nguvu ya kuchimba. Udongo mwekundu wa Ukambani, ulio na mchanga mwingi na mboji kidogo, hufunga gamba la namna hii upesi sana.

Ndiyo maana ukame na mafuriko, ambavyo wengi huviona kama misiba miwili iliyo mbali na mbali, katika bonde letu ni msiba mmoja wenye hatua mbili. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa kwa mfuatano katika maeneo mengi ya mashariki na kaskazini mwa Kenya. Mifugo ilikufa, malisho yakawa vumbi. Kisha ikaja vuli ya 2023 iliyobebwa na El Niño, na masika ya 2024 baada yake, na ninyi wa kandokando ya Sabaki mnajua vizuri kuliko mimi yaliyowafika. Vuli za 1997 na 2019 pia zilikuwa kubwa mno, na zote hizo zina uhusiano na joto la maji ya Bahari ya Hindi upande huu wetu kuzidi lile la upande wa Indonesia. Mvua za namna hiyo hatuwezi kuzizuia. Tunachoweza kubadilisha ni hali ambayo ardhi itakuwa nayo siku zitakaporudi.

Kuna jaribio dogo ambalo ningependa ulifanye, nami nimelifanya mara nyingi. Mwezi mmoja wa Novemba nilijaza chupa ya maji chini ya daraja la Sabaki, maji mazito yenye rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, nikaiweka dirishani. Kabla sijavua viatu tayari mchanga ulikuwa umetua chini. Kufikia asubuhi juu ya mchanga kulikuwa na tabaka laini la udongo wa kahawia ulio kama unga. Lakini maji ya juu yalibaki mekundu siku hiyo, na siku ya pili, na siku ya tatu, kwa sababu ufinyanzi, ambao ni udongo mwembamba kupita wote, huelea na kukataa kutua. Nikamimina nusu ya maji hayo katika chupa nyingine na kutia chumvi kijiko kimoja. Ufinyanzi ukaanza kushikana, ukafanya vidonge vidogo kama maziwa yaliyoganda, ukashuka. Hicho ndicho kinachotokea mlangoni mwa mto kila siku. Maji matamu yaliyoubeba ufinyanzi kutoka juu yanapokutana na maji ya chumvi, ufinyanzi hugandamana na kuanguka, na ndiyo sababu tope limejaa kuanzia mlango wa Sabaki hadi ghuba ya Malindi, na ufuo wa mji umekuwa mpana hata wazee wanaonyesha kwa mkono mahali mawimbi yalipokuwa yakifika walipokuwa watoto.

Swali lako la pili, la nani aliyelidhoofisha bonde, lina shahidi ambaye wengi hawamjui, naye amekaa baharini mbele ya Malindi. Ni tumbawe. Matumbawe makubwa ya mviringo hukua kwa tabaka moja kila mwaka, kama mti unavyojiwekea pete, na katika kila tabaka huhifadhi madini yaliyokuwamo majini mwaka huo. Moja ya madini hayo ni bariamu, ambayo huletwa baharini na udongo wa mtoni. Wanasayansi walitoboa tumbawe moja katika hifadhi ya bahari ya Malindi, wakasoma ndani yake historia ya miaka 300, na matokeo yakachapishwa 2007. Kuanzia mwaka wa 1700 hivi hadi 1900 udongo uliofika baharini haukubadilika sana, ingawa katika karne hizo mbili kulikuwa na ukame na mvua kubwa kama kawaida ya nchi yetu. Kisha, mwanzoni mwa karne ya ishirini, kiwango kikaanza kupanda, na kikaendelea kupanda.

Tafakari tarehe hizo. Reli ilifika Nairobi 1899. Katika miaka iliyofuata ardhi nzuri ya nyanda za juu ilitwaliwa na walowezi, na Wakamba na mifugo yao wakabanwa katika maeneo ya akiba yenye miteremko mikali. Watu wale wale, wakiwa na maarifa yale yale, walilazimika kulima na kulisha mahali ambapo zamani wangelisha mwaka mmoja na kupumzisha kadhaa. Udongo ulipoanza kutiririka, serikali ya kikoloni iliona kosa kuwa ni ng'ombe wengi, na mwaka 1938 ikaanza kuwatwaa kwa nguvu na kuwauza. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya Wakamba kwa miguu hadi Nairobi kudai mifugo yao. Alikamatwa, na mahali alipohamishiwa ni Lamu, kwenye pwani hii hii yetu. Kila ninapokwenda Lamu humkumbuka mtu huyo aliyeondolewa kwenye chanzo cha mto na kuletwa karibu na mwisho wake kwa sababu ya ugomvi uliohusu udongo.

Nimekisimulia kisa hicho kwa sababu kinanisaidia kukujibu kwa haki. Siku hizi mtu wa Malindi akiona bahari imekuwa nyekundu husema, "Wakamba wanatuletea tope." Si kweli kwa namna inavyosemwa. Machakos ilikuwa na watu wapatao 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 na wapatao milioni 1.4 mwishoni mwa miaka ya 1980, na wachunguzi walioulinganisha muda huo walikuta kwamba mashamba mengi yalikuwa katika hali bora zaidi watu walipokuwa wengi kuliko walipokuwa wachache. Kilichofanya kazi hiyo ni matuta. Vikundi vya mwethya, yaani vya Wakamba vya kusaidiana kazi, vilivyojaa akina mama, vilichimba mtaro kufuata usawa wa mteremko na kuutupa udongo upande wa juu, na miaka ilivyokwenda kila shamba likajijenga kuwa ngazi. Njia hiyo inaitwa "fanya juu", na jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya udongo duniani kote bila kutafsiriwa. Wakulima waliikubali pale walipopata uhakika wa ardhi yao, soko la kahawa na mboga, na uhuru wa kuamua wenyewe. Matuta yaliyochimbwa kwa amri na kiboko wakati wa ukoloni mengi yaliachwa yakabomoka.

Lakini basi, utaniuliza, ikiwa matuta yamejengwa, tope hili bado linatoka wapi? Linatoka mahali matuta hayakufika. Linatoka kwenye malisho ya pamoja yasiyo na mwenye kuyalinda. Linatoka Makueni na Kitui kwenye nchi kavu iliyofunguliwa kwa kilimo na ukataji wa makaa katika miaka ya karibuni. Linatoka kwenye barabara za vumbi, na hapa ningependa nisisitize, maana ni jambo linalosahauliwa katika kila mkutano niliohudhuria: barabara ya udongo ni shamba tupu lisilolimwa, lililoshindiliwa hadi likawa kama sakafu, na mtaro wake hukusanya maji ya kilima kizima na kuyaachia mahali pamoja, kwenye shamba la mtu. Makorongo mengi niliyoyafuata kwa miguu hadi mwanzo wake yalianzia kwenye kalivati ya barabara au njia ya ng'ombe wanaoteremka kunywa maji. Linatoka pia kwenye mito ya mchanga, ambako malori huchota mchanga wa kujengea miji, na sakafu ya mto ikishashuka kingo zake hubaki hewani na kuporomoka. Makueni ilitunga sheria yake ya mchanga 2015 kwa sababu ya uharibifu huo. Na tusisahau kwamba pamoja na udongo, mto huu hubeba majitaka ya Nairobi, kwa kuwa mto Nairobi na vijito vyake huingia Athi. Hilo ni jeraha lingine linalohitaji jibu lake pekee, na kwa leo naliacha.

Pamoja na udhaifu huo, bonde lina nguvu zake, na anayelipima kwa haki lazima azitaje. Vilima vya Chyulu ni mawe ya volkano yenye matundu. Mvua ikinyesha pale karibu hakuna mto unaotiririka juu, kwani maji huzama yote, hupita chini ya ardhi, na kutokea kwenye chemchemi za Mzima, safi kama kioo, zaidi ya lita milioni 200 kwa siku. Sehemu yake hupelekwa Mombasa kwa bomba, na inayobaki huingia mto Tsavo, kisha Galana. Mwezi wa Septemba, Athi inapokuwa imedhoofika, sehemu kubwa ya maji yanayopita Garashi ni zawadi ya Chyulu na miteremko ya Kilimanjaro. Msitu wa Chyulu ukichomwa au ukikatwa, tope halitaongezeka sana. Kitakachopungua ni maji ya kiangazi. Kwa hiyo bonde moja laweza kuwa na magonjwa mawili yanayohitaji dawa mbili, na anayesema "tupande miti" bila kusema wapi na kwa ajili gani hajajibu kitu.

Kuhusu bahari nitasema kwa ufupi. Wakati wa kusi tope la Sabaki husukumwa kaskazini kuelekea Ngomeni na ghuba ya Ungwana; wakati wa kaskazi husukumwa kusini, likapita mbele ya mji na kufika kwenye matumbawe ya hifadhi, ambayo ilitangazwa 1968. Matumbawe huhitaji mwanga, na tope huwanyima mwanga na kuwafunika. Ila nisingependa uone udongo wa mtoni kama sumu. Mikoko ya mlangoni imesimama juu yake, kamba wa Ungwana hukulia katika maji yenye rutuba yake, na ndege wanaokuja kutoka mbali hujilisha kwenye tope hilo. Tatizo ni wingi na ughafla wake. Makadirio ya miaka ya 1950 yalikuwa ya makumi ya maelfu ya tani kwa mwaka. Ya miongo ya karibuni yamehesabiwa kwa mamilioni.

Utasikia pia likitajwa bwawa la Thwake, linalojengwa mahali mto Thwake unapoingia Athi, ambalo ujenzi wake ulianza 2018. Bwawa kubwa kama hilo litanasa sehemu ya tope na litapunguza kilele cha mafuriko, na hilo ni heri kwenu. Lakini lina mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, bwawa lisilolindwa kwa juu hujaa udongo. Masinga, kwenye Tana, lililokamilika 1981, limejaa kwa kasi kuliko waliolibuni walivyotarajia. La pili, maji yaliyokwisha kuacha udongo wake bwawani hutoka na nguvu isiyo na mzigo, na hutafuta udongo mwingine wa kubeba. Huupata kwenye sakafu na kingo za mto ulio chini. Kwa hiyo wenye mashamba ya kandokando kuanzia Kitui hadi Garashi wana haki ya kuuliza, mapema na kwa maandishi, bwawa litafunguliwa lini na kwa kiasi gani.

Sasa lile la tatu, la kufanya. Narudi kwenye migomba yako, kwa sababu umesema jambo ambalo huenda hukulitilia uzito: ulikuta ardhi imekwenda maji yalipopungua. Ndivyo kingo nyingi zinavyoanguka. Mto ukijaa, maji huingia ndani ya ukingo na kuulowesha hadi ukawa mzito, lakini maji yenyewe ya mto huusukuma kwa nje na kuushikilia, kama mtu aliyeegemezwa ukutani. Chini kabisa, mkondo unakula mguu wa ukingo. Mto ukishuka kwa haraka, ule mwegemeo huondoka ghafla, na ukingo uliojaa maji, mzito na usio na mguu, huporomoka mara moja. Tazama shamba lako limekaa upande gani wa kona. Upande wa nje wa kona ndio unaoliwa, na upande wa ndani ndio unaojengwa kwa mchanga. Kama uko upande wa nje, usipoteze pesa kujenga ukuta wa magunia ya mchanga: mto utachimba chini yake, au ukuta utaugeuza mkondo ukale shamba la jirani wa ng'ambo, na mtakuwa mmegombana bure.

Kinachosaidia ni mizizi, na nafasi. Migomba haina mizizi ya kushika ukingo. Mizizi yake ni mifupi na shina lake ni maji matupu, na likianguka hubandua kipande cha ardhi. Rudisha migomba nyuma. Kwenye ukingo wenyewe acha matete yaliyojiotea, hata kama yanaonekana kama uchafu, na nyuma yake panda mabingobingo katika mistari inayofuata ukingo, kwa kuwa hayo hukatwa kwa ajili ya mbuzi na ng'ombe huku mizizi yake ikibaki. Kama kuna mkuyu au mkwaju umesimama hapo, mtu yeyote asiukate, hata kwa bei nzuri ya makaa. Kanuni za maji nchini zimekuwa zikitaka ukanda usiolimwa kando ya mto, kati ya mita 6 na mita 30 kulingana na upana wa mto, na kwa Sabaki huo ni ukanda mpana. Najua kwamba kwa mwenye ekari moja mita 30 ni chakula cha watoto. Ndiyo sababu nasema majani ya malisho, ambayo yanaweza kuuzwa, na si kuuacha ukanda ukae bure. Na wanaoteremsha mifugo kunywa maji wakubaliane njia moja, iliyowekwa mawe, badala ya kila mmoja kukata yake. Bandubandu huisha gogo, na kingo za Garashi zinabanduliwa kwa kwato kama zinavyobanduliwa na maji.

Kuna lile neno la siku kadhaa. Maji yakichukua siku kadhaa kutoka Ukambani hadi kwenu, basi hakuna sababu ya mafuriko kuwakuta mmelala. Idara ya Hali ya Hewa hutoa taarifa za mvua nzito, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji ina vituo vya kupimia kimo cha mto, lakini taarifa hizo mara nyingi huishia ofisini. Wekeni kundi la simu lenye watu wa Kibwezi na wa kando ya Galana, watu wawili au watatu tu wanaoishi karibu na maji, na mkubaliane kwamba mto ukipanda huko wataandika neno moja. Usiku ule ungekuwa na muda wa kuvuna ndizi zilizokomaa, kuhamisha pampu, na kuondoa mbuzi.

Na hili la mwisho ni la pamoja. Sheria ya maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, vinavyoundwa na watu wa sehemu moja ya mto, na ninyi mna haki ya kuwa na chenu na kukaa meza moja na vile vya juu. Mna pia hoja nzito ya kupeleka mezani: visima vya Baricho, ambavyo huchota maji yaliyochujwa na mchanga wa Sabaki, hunywesha Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa. Watu wote hao wana deni kwa mkulima wa Makueni anayechimba fanya juu, na hawamlipi chochote. Kwenye Tana kuna mfuko wa maji uliozinduliwa 2015, ambamo watumiaji wa maji walio chini huchangia kazi ya kulinda udongo kwa wakulima walio juu, kwa sababu iligundulika kwamba ni nafuu kuzuia tope shambani kuliko kulichuja kwenye mtambo. Sioni kwa nini Sabaki isiwe na wake, na ningefurahi sana kama ombi la kwanza lingeandikwa na watu wa Garashi badala ya kungojwa kutoka Nairobi.

Kabla ya hayo yote, dada, kuna kazi ya asubuhi moja. Chonga vigingi vitano vya mti mgumu, uvipigilie katika mstari mmoja kutoka ukingoni kuingia shambani, kila kimoja hatua kumi kutoka mwenzake, uandike tarehe kwenye daftari na upige picha. Fanya hivyo kabla ya vuli kuanza, na kila mto utakapojaa na kushuka, uhesabu vilivyobaki na kupima umbali wa cha kwanza hadi ukingo. Chama chenu kitahitaji tarakimu hizo mbele ya ofisi yoyote. Nami ukinitumia za misimu miwili, nitaweza kukuambia kama mto unahamia upande wako au umejinyoosha mara moja tu, na kama migomba mipya ikae hatua ishirini au hatua sitini kutoka majini.